Tulianika Dagaa Kituoni

Kituo kidogo cha polisi cha mtaani kwetu tulikijenga wenyewe. Mchanga tuliubeba vichwani kutoka ziwani, mawe yalipasuliwa palepale mlimani, na uwanja wa mbele ukasakafiwa kwa saruji ya michango. Serikali ikatuletea bendera, kufuli na askari mmoja. Nilihesabu mara mbili, nikidhani mwingine amebaki garini. Alikuwa mmoja.

Kituo kikawa kinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Sisi wanunuzi wa dagaa tunateremka mwaloni saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi inaporudi, fedha tumezifunga kiunoni. Wezi nao wanajua kusoma. Saa za kazi ziliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu.

Alfajiri moja walimwangusha mwenzangu, mjane ambaye nimegawana naye magunia tangu ujana wetu. Walimwangushia mbele ya kituo chenyewe. Alijikokota akagonga mlango, akajibiwa na kufuli. Mtaji ukaenda, mkono ukavunjika. Mkono ulipopona, akagoma kuteremka.

"Sitoki ndani mpaka nione askari amesimama pale," aliniambia. "Wewe nenda, una mbio."

Mimi, na magoti haya!

Nikaenda mjini kwa mkuu wa kituo kikubwa. Kijana mstaarabu, alinipa shikamoo na kiti. Akanieleza kuwa bajeti imebana, ikama haijajaa, askari wachache waliopo wanazungushwa mji mzima. Sikumbishia. Mwenye duka akikwambia mzigo hakuna, mara nyingine kweli hakuna. Lakini nilirudi nikiuwaza ule uwanja wa saruji, jinsi unavyopata jua la kwanza.

Kesho yake tukaanika dagaa pale. Wanawake wote wa mwaloni, nyavu ukuta hadi ukuta, mpaka kizingitini. Askari wetu alipofika hakuwa na pa kukanyaga.

"Shikamoo mama. Hiki ni kituo cha polisi."

"Marahaba mwanangu. Tangu saa ngapi?"

Akatazama mlango wake. "Saa mbili."

"Basi tulipoanika hakikuwa kituo. Wakikauka tutaanua."

Siku ya tatu mkuu alikuja mwenyewe, leso puani.

"Mama yangu, nitawakamata wote."

"Utatuweka wapi? Una chumba kimoja."

Muuzaji mmoja akadakia kutoka nyuma, "Na mimi nina pacha wananyonya, afande. Waandike na wao!" Wanawake wakaangua kicheko.

"Askari wa kuwaongezea sina," akasema mkuu. "Nimfinyange?"

"Sijakuomba uongeze. Una saa kumi za mtu mmoja. Nipe hizo hizo kumi, zianze saa kumi na moja alfajiri, ziishe saa tisa alasiri. Hesabu."

Akahesabu kwa vidole. Nikamwambia arudie.

"Zianze kumi na mbili," akasema.

"Kumi na mbili mwizi ameshakunywa chai."

"Haya, kumi na moja na nusu. Nami nimeshuka, mama, na wewe panda kidogo."

"Mwenzangu aliangushwa ndani ya hiyo nusu unayoniomba."

Hapo hakucheka mtu. Mkuu aliinamisha macho, yakakutana na dagaa. Akamwita askari wake, akamwambia atafute rangi nyekundu.

Kesho yake saa kumi na moja taa ya kituo ilikuwa inawaka. Nilikwenda kumgongea mwenzangu. Alitoka na beseni lake, akasimama mbele ya baraza, akamkagua askari juu mpaka chini kama gunia analoshuku limetiwa mchanga. Kisha akateremka mwaloni mbele yangu.

Sasa wakaanga chipsi wamenijia juu. Jioni hawana askari, wanasema nimewaibia. Sijamwibia mtu. Nimechukua kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni askari mmoja. Wa pili wanamdai kwangu kwa nini? Nimewaambia wahamishie majiko yao pale kizingitini, wawashe saa nane mchana, askari akiwa bado ndani, mpaka mkuu arudi na leso yake. Wakiogopa kuanza, kigoda changu nitakuwa nimeshakiweka pale.