Sauti ya Seremala Uwanjani

Seremala hakukosa hata shindano moja la bintiye, aliyekimbia mita mia nane katika timu ya sekondari. Alikuja moja kwa moja kutoka karakana, maranda ya mbao yangali nyweleni, akasimama kwenye kona ya mwisho na kupaza sauti mpaka timu nzima ikambandika jina la Spika. "Kaza mwendo, mama! Huyo umeshamfikia!"

Msimu huu aliugua koo. Madaktari walimpasua wakaokoa maisha yake, lakini sauti ikapotea kabisa.

Siku ya fainali alikwenda vilevile. Binti alifika kwenye kona akiongoza. Akageuza shingo, akamwona baba yake ameshika kamba ya uwanja, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na hasikiki. Akapunguza mwendo. Wasichana wawili wakampita.

"Nisamehe, Baba," alimwambia baadaye, akilia. "Nilipokuona tu, nikaishiwa nguvu."

Seremala alitikisa kichwa. Akapiga magoti majanini, akaanza kumfungua viatu taratibu, maana hakuwa na namna nyingine ya kumwambia kwamba hana kosa.