Mwezini Hakuna Sauti

Miaka ile ya Ujamaa, gari la sinema lilikuja Kimamba kutuonyesha kilimo bora cha pamba. Sisi watoto tulikumbuka katuni tu. Shujaa mmoja aliruka hadi mwezini, joho likipepea nyuma yake, akalikemea zimwi kwa sauti iliyotikisa kiwanja. Darasa letu likaamua kuiigiza hadithi hiyo siku ya Saba Saba.

Mimi nilitaka kuwa shujaa. Nilitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Lakini nilikuwa msichana mwenye kigugumizi, na katika maigizo yote kazi yangu ilikuwa kusimama kama mti.

Aliyeniokoa ni mwalimu wetu wa sayansi, mbishi kupita kiasi, ambaye katuni ile ilimkera vibaya.

"Joho linapepea kwa upepo gani? Mwezini hakuna hewa! Na pasipo hewa hakuna sauti. Huyo shujaa wenu alikuwa anapiga kelele za bure."

Akaamuru igizo lifuate sayansi: mwezini hakuna kusema. Wavulana waliokuwa wakigombea ushujaa wakanywea. Shujaa bubu wa nini? Nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza.

Siku yenyewe nilivaa sufuria kichwani na kanga ya mama mabegani, imebanwa kwa pini isije ikapepea mwalimu akaja juu. Nikapigana na zimwi lililofunikwa katani mwili mzima, kimya kabisa, kwa mikono na macho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Nikarudi duniani, nikainama kupokea makofi. Hapo bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "We mtoto, umetoka safari yote hiyo hata shikamoo hakuna? Shujaa gani hana adabu?"

Nikamtazama mwalimu anitetee. Akainua mabega. "Hapa hewa ipo," akasema.

Nikafungua kinywa. "Shi... shi... shi..." Wavulana wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nyamazeni!" bibi akawageukia. "Mwenzenu alikokuwa hakuna hewa. Mwacheni apumue kwanza."

Uwanja mzima ukanisubiri. Nikapumua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia, na kina mama wote nyuma yake wakaitikia naye.

Sikuwa mti tena.