Visu Vitatu Shambani kwa Wifi

Mfuga nyuki hakuja kugombana. Aliweka kisu cha kukunja juu ya kaunta, akainua kidole kilichofungwa bendeji, akaeleza kwamba alikuwa anapasua kijiti cha kigingi cha mzinga, kisu kikajifunga chenyewe. Kilishonwa nyuzi nne. Fidia hakutaka.

"Nimekuja kukuambia tu, mama," alisema, "maana uliniambia hiki ni cha kazi zote."

Kweli alimwambia. Mwenye duka aliwaambia hivyo wateja wote, mwaka wa kumi na moja sasa, na muda wote huo hakuwahi kukata hata fimbo kwa kisu alichouza. Maneno yalimtoka kama salamu.

Asubuhi hiyo hakukalika. Alipanga bawaba, akazipangua. Alipima misumari, akasahau anampimia nani. Mumewe, fundi cherehani wa mlango wa pili, akamtania kwamba leo kiti kina miiba. Hakucheka. Saa sita alichukua visu vitatu rafuni na glavu za ngozi, akafunga duka, akashika njia ya shambani kwa wifi yake, ambako kulikuwa na rundo la matawi makavu.

Wifi, mtu asiye na maneno mengi, aliendelea kupalilia huku akimtupia jicho. Kuchonga ncha za vigingi, visu vyote vilifaulu. Maranda yalitoka membamba, mwenye duka akaanza kupata moyo. Kwenye kukata pengo la kushikia kamba, mpini mwembamba wa kile cha kwanza ulimtoa lengelenge hata ndani ya glavu. Kisha ikaja kupasua. Alisimamisha kijiti, akaweka makali juu yake, akagonga mgongo wa kisu kwa gongo. Cha kwanza kililegea msumari, ubapa ukacheza kama jino bovu. Cha pili, pigo la tatu, loki inayozuia ubapa iliteleza, kikajifunga na kung'ata glavu. Cha tatu, kilichokuwa kinene, kilivumilia, lakini vumbi na chembe za mti zilijaa kwenye kiungo, kikagoma kukunjika.

Wifi alikuja na panga, akapasua kijiti kwa pigo moja.

"Kitu chenye kiungo katikati unakigongaje, wifi yangu? Hicho ni cha kuchongea."

"Wateja sikuwaambia hivyo."

"Basi waambie."

Hakungoja hata maji ya kunywa. Wiki iliyopita mwongoza wageni alikuwa amenunua kwake visu sita vya watu wake. Mwenye duka alikwenda moja kwa moja kambini kwao, pembezoni mwa mji, jasho linamtiririka, akamkuta anachonga vijiti vya kuwashia moto. Akamwaga yote bila kupumua, akamwonyesha na glavu iliyochanika. Mwongozaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kidole kwenye shoka fupi lililolazwa kando ya kuni. Kwao, alisema, kisu hakigongwi. La kupasua ni hilo.

Mwenye duka alishusha pumzi. Alisogezewa kigoda, asikae. Alikuwa amemkumbuka mwalimu wa skauti, aliyenunua kwake visu kumi na viwili kwa mpigo, na shule hufungwa saa kumi. Aliuliza saa, akaaga, akaondoka karibu anakimbia.