Mama Bawaba na Hatifungani za Mwanawe

Mteja mgeni kwa Mama Bawaba hakukaribishwa, alipimwa. Akigusa mlango mmoja mara mbili, bei ilipanda. Mama huyo aliuza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa, na hapo uani kwake hakuna aliyetoka akicheka.

Kila alipouza mlango mzuri alinunua hatifungani za serikali, zile za kusomeshea watoto vyuoni. Aliziandikisha kwa jina la mwanawe wa pekee, ili mumewe mwenye mkono mrefu asizifikie. Mume hakuzifikia, akaenda zake. Lakini kijana alipofika umri wa mtu mzima, mwenye mali akawa yeye. Mama alitaka mwanawe asomee uanasheria. Kijana alitaka pikipiki.

Wiki nzima walirushiana maneno huku wakichomoa misumari. Mama alisema amefuga nyoka. Kijana akamjibu kwamba nyoka huyo ndiye anayembebea milango bila ujira. Mwishowe mama akavaa viatu, akasema twende benki.

Karani aliwaeleza: hatifungani zikilipwa chuoni, zinalipwa pamoja na faida yote. Zikivunjwa kwa shughuli nyingine, mtu anarudishiwa alichoweka tu, tena kwa makato.

"Vunja," mama akasema. "Mpe hela zake."

Kijana alibaki na kalamu mkononi. Tangu utotoni alimwona mama yake akifukuza watu walioomba kupunguziwa bei ya komeo. Akamuuliza karani kama hakuna nyongeza. Hakuna.

"Hii bei ya kutupa, mama."

"Si mali yako? Tupa."

Akairudisha kalamu. "Siuzi kwa hasara. Nitasoma. Ila sheria yako sisomi, nasoma ujenzi. Na milango tafuta wa kukubebea."

"Nenda. Na huo mdomo ubebe."

Ada ililipwa yote. Mama akaajiri mchukuzi, na kila jioni alipomlipa roho ilimuuma.

Kijana alihitimu, akarudi uani na tepu ya kupimia, akitafuta milango minane ya jengo lake la kwanza. Hakugusa hata mmoja mara mbili. Waliparurana kwa maneno hadi adhuhuri, mama akakubali bei ambayo hajawahi kumpa mtu. Kijana alipata milango minane kwa bei ya kuni. Mama alibaki na ukuta mtupu, na mteja anayekuja bila kuamkia na kuondoka bila kuaga.