Kungumanga za Kisiwa cha Mbali

Leo kwenye duka la viungo, mtaa wa Hamriya, muuzaji amenipasulia kungumanga, na harufu yake imenirudisha kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, tulikokwenda kutalii nilipokuwa mdogo. Baba alitaka kumfurahisha bibi, mamake, kwa kisiwa cha viungo kama cha kwao, kwani aliondoka Unguja akiwa msichana na kuapa kwamba hatorudi tena.

Sokoni, mama mmoja mtu mzima alikuwa akimenya kungumanga, basibasi nyekundu, ule utando unaozifunika, zimemjaa mapajani. Bibi alimkazia macho, kisha akamshika mkono.

"Dada, mimi nnatoka Unguja. Wewe kwenu wapi?"

Yule mama akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kwamba hakufahamu alichosema.

"Mama, hapa si kwetu," baba alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nnajua," bibi alisema, lakini mkono hakuuachia. Yule mama naye hakuuvuta. Alikaa vivyo hivyo, wateja wakimsubiri.

Tulirudi hotelini. Bibi alijilaza akaelekea ukutani, buibui hakulivua. Nilivaa nguo za kuogelea, nikashuka bwawani, nikaogelea mpaka vidole vikakunjamana.