Nilivyoandika "Hakuna Shida" Ludara

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara hakunipa hata kiti. Alinipa rundo la madodoso, yaani zile karatasi za maswali, akasema: "Utafiti wa uhamiaji ni miguu, binti. Vitabu utavikuta hapa ukirudi. Na usiingie kijiji chochote bila mwenyekiti wake." Nikatii. Nilikuwa na shahada mpya ya sayansi ya siasa, na kiburi chake.

Tulipima utangamano: aliyekimbia vita Sudan Kusini na aliyempokea wanaishije pamoja. Wanazikana? Wanaazimana ardhi? Hili la ardhi ndilo kubwa kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, maana mgeni huonyeshwa kichaka kwa maneno ya mdomo tu, akafyeka, akalima, na hakuna palipoandikwa atakaa mpaka lini.

Huko Ludara nilimkuta Mama Poni, mjane kutoka upande wa Yei, akipalilia simsim. Mwenyekiti wa kijiji alisimama ubavuni kwangu, mtu mcheshi kweli, amenibebea mpaka mwavuli.

"Mwenye shamba anakutendeaje?" nikauliza.

Mama Poni alimtazama mwenyekiti, kisha jembe lake. "Hakuna shida. Sisi iko sawa tu."

Nikaandika: utangamano mzuri. Jamani, ujinga wangu! Mwenye shamba alikuwa kaka wa mwenyekiti, na pale kila mtu alijua isipokuwa mimi. Alishamwamuru yule mama aondoke kabla ya kuvuna, kwa kuwa kichaka sasa kilikuwa shamba safi. Mama Poni alikuwa amelalamika kwenye ofisi ya wakimbizi na kikao cha usuluhishi kimepangwa. Ripoti yangu ilipofika, ofisa akakifuta: huko mambo ni mazuri, mtafiti kasema.

Mwaka uliofuata nilimkuta Mama Poni huko Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, akingoja mgao wa chakula. Akanieleza yote bila kupandisha sauti. Niliona aibu mpaka nikalia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Wewe ilikuja na yeye. Mimi ningesema namna gani?"

Tangu hapo nilikwenda kwa kila mwenyekiti kupiga hodi na kugongewa muhuri, kisha nikamwomba abaki nyumbani kwake. Mkuu alinikaripia: "Unaharibu itifaki!" Nikamjibu kwamba itifaki ndiyo iliyoharibu ripoti. Mwezi mzima hatukusalimiana. Na nyinyi wenye madodoso kwenye simu, bado nawaona mkiandamana na wenyeviti wenu. Nakasirika sana.

Sasa nimestaafu, naishi Arua, na watu hunipongeza kwa makala yangu ya mwisho, ile iliyoeleza mambo ya Ludara kama yalivyokuwa. Kabla ya kuichapisha nilimpelekea Mama Poni, nikamsomea sentensi kwa sentensi. Alisikiliza yote, mikono mapajani.

"Ni kweli," akasema. "Sasa watarudisha shamba yangu?"

Nikamwambia hapana, Mama. Akanishukuru kwa kumsomea, akainuka kwenda kuwasha moto.