Saa Nzima ya Damu Kutuama

Miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa Mwanza, mama alipata kazi ya kukata samaki. Siku moja mwiba ulimchoma kiganjani. Akafyonza damu, akatema, akaendelea na kazi.

Homa ilipompanda, zahanati ya mtaani ilimkuta na malaria mbili. Sasa nani pale ziwani aliwahi kupimwa akakosa malaria mbili? Hata mbuzi wetu angekutwa nazo. Akameza klorokwini, akaanza kujikuna. Kwetu kujikuna kulikuwa habari njema: dawa imeshika. Majirani walimkuta anajikuna mgongo kwa mwiko, wakacheka, wakarudi makwao wametulia. Nami nilicheka.

Lakini homa haikushuka. Mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, mama akaanza kuchanganya majina yetu. Baba akakodi pikapu tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema anahofia sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Akaagiza sindano ya kwanza palepale, na damu ipimwe. Mpimaji alihesabu chembe nyeupe kwa darubini, na damu nyingine akaisimamisha kwenye mrija mwembamba wa kioo, aone inatuama kwa kasi gani. Ikishuka upesi, mwili una vita ndani. Kipimo hicho kilitaka saa nzima.

Siku hizi mwanangu akiugua, mashine inasoma tone moja la damu na majibu yanatoka kabla chai haijapoa. Nashukuru. Mama mwenyewe, aliyepona baada ya sindano nyingi, husema vijana wa leo hawajui kungoja. Mimi naikumbuka saa ile kwa mapenzi, ingawa niliogopa sana.

Baba alikuwa mtu mkavu. Sikuwahi kumwona akimgusa mama mbele za watu. Siku ile, ukumbini tulikongojea majibu, wagonjwa na waumini wenzetu wa kanisani wakitazama, aliushika mkono wa mama usiovimba akauweka pajani pake. Mama alinong'ona kwamba watu wanaona. Baba akajifanya hasikii.

Majibu yalikuja mabaya: damu ilikuwa imeshuka upesi, chembe nyeupe nyingi mno. Nesi akaleta dripu, akamwomba baba auachie ule mkono apate mshipa, maana wa pili umevimba.

Baba hakuuachia. Alimtazama nesi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Sista, mguuni hakuna mshipa?"